Bei ya Kipimo Gani?

Kununua chakula sokoni ni kazi tunayoifanya tangu utoto. Tumetumwa na mama zetu kununua chumvi, na sasa tunawatuma watoto wetu. Kwa sababu hiyo tunadhani kwamba tunaijua. Lakini wengi wetu tunauliza swali moja tu: "Bei gani?" Tukijibiwa, tunalipa au tunaondoka.

Somo hili linatufundisha swali la pili. Swali hilo ni fupi, lakini limewaokolea watu fedha nyingi, na wengine limewaokoa na aibu. Tutalisoma kwa kumfuata mama mmoja wa kijiji cha viazi katika miinuko ya Uporoto, mkoani Mbeya. Mama huyu ni wa mfano tu. Tumwite Mama Rehema.

SOKO LA MCHELE

Mkoa wa Mbeya una mchele wa namna nyingi. Ukiteremka kusini, kupita Tukuyu mpaka kwenye tambarare karibu na Ziwa Nyasa, unafika Kyela. Mchele wa Kyela unasifika nchi nzima kwa harufu yake nzuri. Ukielekea mashariki kwa barabara kuu ya Dar es Salaam, unafika Igurusi na Chimala, kisha nchi ya Usangu katika Wilaya ya Mbarali. Huko mpunga hulimwa kwa maji ya mifereji yatokayo katika mito ya bonde la Ruaha Mkuu. Igurusi ni kituo kikubwa cha biashara ya mchele, na malori hupakia hapo kwenda mikoa mingine.

Kwa hiyo, katika masoko ya mjini Mbeya, kama Mwanjelwa na Uyole, utakuta safu za wauza mchele. Kila mmoja amepanga magunia yaliyofunguliwa midomo. Juu ya kila gunia kuna kipande cha boksi kilichoandikwa bei, na mara nyingi jina la mahali mchele ulikotoka. Pembeni kuna vyombo vya kupimia. Wengine wana mizani. Wengine wana debe, sado au kopo. Sado ni ile ndoo ndogo ya plastiki iliyokuwa na rangi ya nyumba.

Mgeni hutazama bei. Mzoefu hutazama bei, mchele na chombo. Hivi vitatu haviachani.

HARUSI YA REHEMA

Binti wa kwanza wa Mama Rehema alipoolewa, wazee wa ukoo walikaa wakapanga chakula. Walikadiria wageni 400. Walisema kwamba kilo moja ya mchele hutosha watu kama 6 au 7 kwenye sherehe. Basi zilihitajika kilo 60.

Mama Rehema alikwenda soko moja la mjini akiwa na fedha za viazi alivyouza. Muuzaji wa kwanza alikuwa na mizani. Bei yake ilikuwa shilingi 2,200 kwa kilo. Muuzaji wa pili alikuwa mama wa makamo mwenye debe safi la kung'aa. Bei yake ilikuwa shilingi 40,000 kwa debe.

"Shikamoo mama," Mama Rehema alisema. "Debe hili ni kiasi gani?"

"Marahaba mwanangu. Debe ni ishirini."

Mama Rehema akapiga hesabu kichwani. Ishirini mara tatu ni sitini. Elfu arobaini mara tatu ni elfu mia na ishirini. Kwa yule wa mizani, kilo 60 zingekuwa shilingi 132,000. Hapa ataokoa shilingi 12,000. Akanunua madebe matatu. Yule mama alijaza debe, akapitisha kijiti juu ya mdomo, mchele ukawa sawasawa. Wakaagana kwa furaha. "Ndaga fijo," alisema muuzaji, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Siku ya harusi, wapishi waliinjika masufuria. Wageni wa kwanza walikula wakashiba. Jua lilipoanza kuteremka, mpishi mkuu alimwita Mama Rehema pembeni akamwambia, "Dada, mchele umekwisha."

"Umekwishaje? Nilileta kilo sitini!"

"Umekwisha. Na wajomba hawajala."

Wajomba walikuwa wametoka mbali, wakachelewa njiani kwa sababu ya gari kuharibika. Kwa mila, mjomba katika harusi ya mpwa wake si mgeni wa kukalishwa mwishoni. Ilibidi ugali usongwe haraka haraka, nao wakala kwa mchuzi uliobaki. Hawakusema neno. Lakini mwaka mzima, kila walipokutana na dada yao, walimwuliza kwa mzaha, "Je, mwaka huu kwako kuna wali?" Mama Rehema alicheka pamoja nao, lakini aliumia.

Aliwashuku wapishi. Alimshuku hata wifi yake aliyelala chumba kimoja na magunia. Kwa miezi kadhaa wawili hawa hawakusalimiana vizuri.

CHUPA YA MWALIMU

Mwaka uliofuata Mama Rehema alikuwa katika darasa la kisomo cha kujiendeleza. Siku moja mwalimu alikuja na chupa tupu ya lita moja, mizani ndogo, na mfuko wa mchele. Alijaza chupa maji akaipima. Alipotoa uzito wa chupa yenyewe, maji yalikuwa kilo moja.

Kisha akamwaga maji, akaikausha chupa, akaijaza mchele mpaka mdomoni. Akapima tena. Safari hii, alipotoa uzito wa chupa, mchele ulikuwa karibu gramu 800 tu.

"Kwa nini?" mwalimu aliuliza.

Mzee mmoja alijibu, "Kwa sababu maji hayaachi nafasi. Punje za mchele zinaachiana nafasi, na nafasi hiyo ni hewa."

"Vizuri sana. Basi lita si kilo. Lita hupima nafasi ndani ya chombo. Kilo hupima uzito wa kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya mchele haifiki kilo. Sasa, debe la lita 20 likijazwa mchele na kusawazishwa, litakuwa na kilo ngapi?"

Wanakisomo waliandika katika madaftari yao: gramu 800 mara 20 ni gramu 16,000. Hizo ni kilo 16.

Mama Rehema aliinua mkono. "Mwalimu, rudia tafadhali."

Mwalimu alirudia. Mama Rehema akaandika tena, polepole. Kilo 16 mara 3 ni kilo 48. Alitaka kilo 60. Zilipungua kilo 12. Kwa kilo moja watu 6 au 7, kilo 12 ni chakula cha watu zaidi ya 70. Hao ndio wajomba na waliofuatana nao.

Jioni ile hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa wifi yake akamwomba radhi.

Tufanye hesabu hii pamoja:

Alilipa shilingi 120,000 akapata kilo 48. Ukigawa 120,000 kwa 48, unapata 2,500. Basi kila kilo alinunua kwa shilingi 2,500. Yule mwenye mizani alikuwa akiuza kilo kwa shilingi 2,200. Kilo 48 kwake zingekuwa shilingi 105,600. Kumbe Mama Rehema hakuokoa shilingi 12,000. Alipoteza shilingi 14,400.

Bei hizi ni za mfano. Bei za sokoni hupanda na kushuka. Lakini njia ya hesabu haibadiliki: gawa fedha uliyolipa kwa kilo ulizopata. Ukifanya hivyo, ndipo utakapojua ni nani auzaye rahisi na ni nani auzaye ghali.

KURUDI SOKONI

Kijana wake wa mwisho alipokaribia kupata kipaimara, Mama Rehema alihitaji kilo 30 za mchele. Alirudi soko lile lile, akamkuta yule mama, na debe lake lile lile.

"Shikamoo mama. Leo nataka kilo thelathini. Si madebe."

"Marahaba. Debe moja na nusu litakutosha, mwanangu."

"Mama, debe lako ni lita ishirini. Mchele wake ni kilo kumi na sita. Mwaka juzi uliniambia ishirini, na wajomba zangu wakalala bila wali."

Yule mama alimtazama kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilisema ishirini. Sikusema kilo. Hukuniuliza."

Mama Rehema alitaka kukasirika, lakini alijua kwamba ni kweli. Hakuuliza. Yule mama akaendelea, "Nawe usidhani kwamba mimi napata raha. Mwezi uliopita nilinunua gunia mashineni, nikaambiwa ni kilo mia. Nilipoazima mizani hapa, nikakuta tisini na nne. Kilo sita zangu zimekwenda wapi? Nikiuza kwa kilo nitapata hasara. Nikiuza kwa debe, naziba pengo. Nanyi wa viazi mnatupakiaje? Vikubwa juu, vidogo chini. Nani asiye na debe lake?"

Mama Rehema hakuwa na jibu. Yeye mwenyewe aliwahi kupanga viazi hivyo, vikubwa juu na vidogo chini.

Mwishowe waliazima mizani ya jirani. Walikubaliana shilingi 2,200 kwa kilo, na mchele ukapimwa mbele ya macho yao wote wawili. Kilo 30 zilikuwa shilingi 66,000. Siku ya kipaimara watu walikula wakasaza.

Tunajifunza nini hapa? Kipimo kibaya ni kama deni linalopitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwenye mashine humpunja mchuuzi, mchuuzi humpunja mnunuzi, mnunuzi naye hutafuta wa kumpunja. Deni hilo hukoma kwa mtu wa kwanza anayesema, "Tupime."

JINSI YA KUCHAGUA MCHELE

Kipimo kikiwa sawa, bado mchele wenyewe unatakiwa kutazamwa. Fanya hivi:

1. Chota kutoka katikati au chini ya gunia, usichote juu tu. Uzuri wa juu unaweza kuficha ubaya wa chini.

2. Tandaza mchele kiganjani. Tazama chenga, mawe, punje za manjano na wadudu. Mchele wenye chenga nyingi uuzwe kwa bei ya chini, nao hushikamana ukipikwa.

3. Uma punje moja. Ikikatika kwa mlio, ni kavu. Ikiwa laini, ina unyevu. Mchele wenye unyevu huongeza uzito kwenye mizani, na ukiuweka nyumbani huota ukungu.

4. Uliza kama ni mpya au wa msimu uliopita. Mpya mara nyingi hunukia zaidi, lakini huhitaji maji kidogo na huweza kuwa bokoboko. Wa zamani hunywa maji mengi na hujaa sufuriani.

5. Usinunue jina. Si kila gunia lililoandikwa "Kyela" limetoka Kyela. Wengine huchanganya. Mchele wa Usangu nao ni mchele mzuri, na kuna mbegu zizaazo sana, kama ile iitwayo SARO 5, ambayo ina harufu kiasi. Ubaya ni kuuziwa cha huku kwa bei ya kule. Kama unanunua mwingi, nunua kwanza nusu kilo, ukaupike, uunuse, uuonje.

6. Jua msimu. Baada ya mavuno, kuanzia kama mwezi wa tano na kuendelea, mchele huwa mwingi na bei hushuka. Karibu na Krismasi na miezi ya mvua bei hupanda. Mwenye harusi ya Desemba anaweza kununua mapema, mradi awe na mahali pakavu pa kuhifadhi.

GUNIA NI GUNIA?

Sasa tumrudie Mama Rehema shambani. Yeye si mnunuzi tu. Ni muuzaji wa viazi pia. Baada ya kujua habari ya debe, alianza kuyatazama magunia yake kwa macho mapya.

Katika vijiji vya viazi vya Mbeya na Njombe kuna desturi iitwayo lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni. Kisha huongezwa kipande kingine cha gunia au wavu juu, hujazwa tena, na kushonwa likawa na kichuguu. Gunia la kilo 100 hufikia kilo 130, 140 au zaidi. Lakini mkulima hulipwa bei ya gunia moja.

Kwa nini wanunuzi wanapenda lumbesa? Sababu ni rahisi. Wananunua kwa gunia na kuuza mjini kwa sado au kwa kilo. Mara nyingi pia ushuru wa mazao na nauli ya lori huhesabiwa kwa gunia. Gunia likiwa kubwa, wanalipa mara moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Na mbebaji anayelipakia lorini huumia mgongo.

Tufanye hesabu. Tuseme gunia ni shilingi 60,000. Likiwa la kilo 100, kila kilo ni shilingi 600. Likiwa lumbesa la kilo 140, kila kilo ni kama shilingi 429 tu. Mama Rehema alikuwa ameuza magunia 10 ya lumbesa. Kila moja lilikuwa na kilo 40 za ziada. Kilo 40 mara 10 ni kilo 400. Hayo ni magunia 4 aliyoyatoa bure. Fedha yake ni shilingi 240,000. Mchele wote wa harusi ya Rehema ulimgharimu shilingi 120,000. Alikuwa ametoa bure fedha ya harusi mbili.

Msimu ule dalali alipokuja, Mama Rehema alimwambia, "Safari hii nashona usawa wa mdomo."

Dalali akacheka. "Mama, gunia ni gunia."

Maneno hayo aliyafahamu. Yalikuwa ndugu wa yale ya "debe ni ishirini."

Dalali aliondoka akanunua kwa jirani. Viazi vya Mama Rehema vikabaki. Kiazi si hindi la kuweka ghalani mwaka mzima. Kikikaa juani hugeuka kijani kibichi, nacho kikiwa hivyo kina sumu na hakifai kuliwa. Kikikaa sana huchipua. Baada ya siku nane Mama Rehema alianza kuogopa. Alijua ukweli mmoja mchungu: mtu mmoja akikataa lumbesa peke yake, hasara ni yake peke yake.

Ndipo wanakisomo walipopeleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Walibeba madaftari yao wakawasomea wenzao hesabu ya magunia 10. Wengine walipinga. Mzee mmoja alisema, "Tukikataa, watakwenda kijiji cha pili, nasi tutakula viazi asubuhi na jioni." Hofu yake ilikuwa ya haki. Walijadiliana mpaka giza likaingia. Mwishowe walikubaliana mambo mawili. Watachanga fedha wanunue mizani moja ya kuning'iniza, iliyokaguliwa. Nao watakwenda kuzungumza na vijiji viwili vya jirani ili wote washone usawa wa mdomo.

Juma la kwanza malori hayakuja. Juma la pili lilikuja moja. Dalali alijaribu nyumba hadi nyumba, akakuta jibu ni lile lile. Akapima, akalipa. Bei aliyotoa kwa gunia ilikuwa chini kidogo kuliko ya zamani. Lakini kwa kilo, kila mkulima alipata zaidi. Mama Rehema alipoteza viazi kiasi cha gunia moja vilivyochipua, akavitumia kwa mbegu.

Si kila kijiji kitafaulu upesi namna hiyo. Lakini ni vigumu sana kufaulu bila umoja.

SHERIA INASEMAJE?

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani mahindi na mpunga vilinunuliwa na vyama vya ushirika na Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC. Serikali ilitangaza bei, na mazao yalipimwa kwa kilo. Biashara ya nafaka ilifunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1980, na tangu hapo muuzaji na mnunuzi wanapatana wenyewe. Kupatana bei ni halali. Kudanganyana kipimo si halali.

Tanzania ina Sheria ya Vipimo, ambayo ilitungwa mwaka 1982. Tangu mwaka 2002 inasimamiwa na Wakala wa Vipimo. Kwa taratibu zake, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa ni kosa. Mizani ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka na kuwekewa alama ya ukaguzi. Mnunuzi ana haki ya kutazama alama hiyo. Ukiona umepunjwa, waambie viongozi wa soko au afisa mtendaji wa kijiji, au nenda ofisi ya Wakala wa Vipimo iliyoko mkoani.

UKIENDA IRINGA

Barabara kuu ile ile inayopita Uyole na Igurusi huendelea mpaka Makambako, Mafinga na Iringa. Makambako na Njombe zilikuwa katika Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, Njombe ilipofanywa mkoa. Ukifika Iringa utasalimiwa "Kamwene!" na utakuta soko lenye vitu vingine. Lakini swali la kipimo ni lile lile.

Katika Soko Kuu la Iringa utaona samaki wakavu wa Bwawa la Mtera, lililoko mpakani mwa Iringa na Dodoma. Maji ya Ruaha Mkuu yanayotoka Usangu huishia kwanza hapo. Samaki huuzwa kwa fungu. Fungu halina kilo. Basi linganisha mafungu ya wauzaji watatu kabla hujatoa fedha. Geuza fungu utazame la chini. Samaki mkavu avunjike, asipindike kama ngozi mbichi, wala asiwe na wadudu kwenye mashavu.

Nyanya nyingi hutoka Ilula, katika Wilaya ya Kilolo. Hizo huuzwa kwa tenga. Matenga hayalingani. Moja lina kitako kipana, jingine kimejazwa majani. Omba limwagwe kwenye turubai, au uhesabu ndoo zinazotoka. Mbele zaidi, Ruaha Mbuyuni, vitunguu hupangwa kando ya barabara. Hapo msafiri hununua kwa haraka, basi likiwa linapiga honi. Haraka hiyo ni faida ya muuzaji. Shika kitunguu shingoni: kikiwa kigumu na kikavu kitakaa, kikiwa laini kitaoza upesi.

Maharage yapo kote, Mbeya na Iringa: ya njano, kablanketi na mengine mengi. Tazama vitundu vidogo vya wadudu. Usichanganye aina mbili katika sufuria moja, kwa kuwa moja itaiva na nyingine itabaki mbichi. Na kumbuka kwamba sado ya maharage na sado ya mchele hazina uzito sawa, ingawa chombo ni kimoja.

KUPIMA KIPIMO

Hata chombo cha kupimia hupimwa. Fanya hivi:

Mizani: kabla kitu hakijawekwa, mshale uwe kwenye sifuri. Ukiwa na shaka, weka pakiti ya chumvi au sukari iliyofungwa kiwandani, ambayo uzito wake umeandikwa.

Debe, sado au kopo: tazama kitako. Kikibonyezwa kuingia ndani, mchele hupungua. Tazama kama limekatwa mdomo au limewekwa kitu chini. Nyumbani, jaza maji kwa chupa ya lita moja huku ukihesabu. Utajua ni lita ngapi.

Gunia: lipimwe mbele yako, si kabla hujafika.

Ndugu msomaji, wauza soko si adui zetu. Wengi wao ni mama zetu na dada zetu, nao wana watoto wa kulisha. Muuzaji mwema hufurahi akipata mnunuzi anayejua kipimo, kwa sababu anaweza kuuza kwa haki bila kushindwa na mpunjaji wa pembeni. Kwa hiyo uliza kwa adabu, bila kuona haya. Kwanza sema, "Bei gani?" Kisha sema, "Ya kipimo gani?"

MASWALI

1. Kwa nini mchele wa Mama Rehema haukutosha siku ya harusi? Nani alikuwa na makosa?

2. Muuzaji alisema, "Nilisema ishirini. Sikusema kilo." Je, alisema uongo? Jadilianeni.

3. Sado moja ina lita 4. Lita moja ya mchele ni kama gramu 800. Sado moja ya mchele ina kilo ngapi? Kama sado ni shilingi 8,000, kilo moja ni shilingi ngapi?

4. Mkulima ameuza magunia 6 ya lumbesa, kila moja kilo 150, kwa bei ya gunia la kilo 100. Ametoa kilo ngapi bure?

5. Katika kijiji chenu, ni mazao gani yanayouzwa bila kupimwa kwa kilo? Nani hupata faida, na nani hupata hasara?

ZOEZI LA KUFANYA

Kila mwanakisomo alete chombo kimoja anachotumia nyumbani au sokoni kupimia. Vipimeni vyote kwa maji, kisha kwa mahindi, maharage au mchele. Andikeni matokeo kwenye karatasi kubwa, muibandike ukutani mwa darasa au kwenye ofisi ya kijiji, mahali ambapo kila mtu ataisoma.